Chai ya Kuchachusha Jikoni: Ladha, Kilevi na Usalama wa Mnywaji

Juu ya kabati la jikoni, mbali na jua na mbali na moshi wa jiko la mkaa, huwekwa mtungi wa kioo uliofunikwa kitambaa na kufungwa kwa mpira. Ndani yake mna chai ya rangi ya kahawia, na juu ya chai hiyo huelea utando mnene mweupe unaofanana na nyama ya dafu. Anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kitu kimeoza na kusahauliwa. Kumbe ndiyo kombucha, chai ya kuchachusha yenye asili ya Uchina, ambayo sasa imeingia hata katika nyumba za Madale, kando ya barabara itokayo Goba kuelekea Wazo na Tegeta, wilayani Kinondoni. Utando hutolewa kwa jirani kama mbegu ya mtindi ilivyokuwa ikitolewa zamani, na maelezo ya namna ya kuutunza hupokelewa kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu. Pamoja na maelezo hayo huja sifa: kwamba kinywaji hiki hushusha sukari, husafisha ini, huponya vidonda vya tumbo na kurudisha nguvu za mwili.

Sifa hizo ndizo zinazolifikisha jambo hili mbele ya mtoa huduma wa afya. Mgonjwa wa kisukari huuliza kama anaweza kupunguza vidonge iwapo anakunywa chai hiyo kila asubuhi. Mama mjamzito huuliza kama itamsaidia kukata kichefuchefu. Lipo pia swali linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi, hasa na mtu ambaye dini yake inamkataza pombe: je, chai hii ina kilevi? Maswali yote matatu yana majibu, lakini hayaeleweki vizuri mpaka kwanza ieleweke kazi inayofanyika ndani ya mtungi.

Masimulizi mengi huiweka asili ya kinywaji hiki kaskazini mashariki mwa Uchina, zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Ni masimulizi zaidi kuliko historia iliyothibitishwa. Kilicho wazi ni kwamba katika karne ya 20 kinywaji kilikuwa kimeenea Urusi, kikiitwa uyoga wa chai, na kwamba katika miaka ya 1970 kilivuma sana Japani. Jina lenyewe ni kosa la njiani: kwa Kijapani, kombucha ni kinywaji cha mwani, wala hakihusiani na chai hii. Na ule unaoitwa uyoga si uyoga hata kidogo. Ni selulosi iliyofumwa na bakteria, nyuzi juu ya nyuzi, mpaka ikawa kama ngozi.

Neno kuchachusha nalo huleta utata mdogo. Katika viwanda vya chai vya Mufindi, Rungwe na Usambara, majani yaliyosagwa huachwa yakabadilika rangi kutoka kijani kuwa ya shaba, na wafanyakazi huiita hatua hiyo kuchachusha. Kwa hakika hiyo ni kazi ya vimeng'enya vya jani lenyewe vikikutana na hewa. Hamna bakteria wala hamira inayohitajika. Kombucha huanza pale kiwanda kilipoishia: majani yaliyokwisha kukaushwa huchemshwa, hutiwa sukari, kisha hukabidhiwa viumbe hai.

Mtanzania si mgeni wa viumbe hao. Togwa, mtindi, mbege ya Kilimanjaro, ulanzi wa Iringa na tembo la mnazi la pwani vyote ni vinywaji vya kuchachusha. Tena togwa ina ushahidi wa kitabibu ulio mzuri kuliko watu wengi wanavyofahamu: utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa walipungukiwa na bakteria wa kuharisha katika choo chao. Inafaa kulikumbuka hilo, kwa sababu mara nyingi kitu kilichotoka mbali husifiwa na kilichopo nyumbani hupuuzwa. Hata hivyo, togwa na kombucha hazifanani kwa kila jambo. Togwa huchachushwa zaidi na bakteria wa asidi ya maziwa na hunywewa ndani ya siku moja au mbili. Kombucha hufanywa na hamira pamoja na bakteria wa siki, hukaa wiki nzima au zaidi, na asidi yake kuu ni asidi ya asetiki, yaani ile ile ya siki.

Kazi ndani ya mtungi hufanyika kwa zamu mbili zinazokwenda sambamba. Hamira huvunja sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi, kisha huzigeuza kuwa alkoholi na hewa ya ukaa. Bakteria, ambao huhitaji hewa, huichukua alkoholi hiyo na kuigeuza kuwa asidi ya asetiki. Glukosi nyingine huigeuza kuwa asidi ya glukoniki, na nyingine huifuma kuwa utando. Kwa hiyo alkoholi huzaliwa na kuliwa humo humo. Mtungi ukiwa na mdomo mpana na kitambaa kinachopitisha hewa, bakteria huwahi kazi ya hamira na kilevi hubaki kidogo. Mtungi ukizibwa, bakteria hukosa pumzi na hamira huendelea peke yake. Jambo hili litarudi mbele, kwani ndilo linaloamua jibu la swali lile la sauti ya chini.

Kwa lita moja ya maji hutumika gramu 5 hadi 8 za majani makavu ya chai, yaani vijiko viwili au vitatu vya chai, na sukari gramu 70 hivi, ambayo ni vijiko vikubwa vitano na nusu. Chai huachwa ipoe kabisa. Chai ya moto huua chachu. Ikishapoa huongezwa mililita 100 hadi 200 za kombucha iliyokwisha kuchacha, kisha utando huwekwa juu. Wengi huuthamini utando na kuimwaga ile chai kali iliyokuja nao, wakati usalama wa siku za mwanzo unatokana na hiyo chai kali. Inatia asidi tangu saa ya kwanza, na asidi ndiyo inayowazuia bakteria wa magonjwa kabla hamira haijaamka.

Maji ya Madale yanahitaji neno lake. Nyumba nyingine hupata maji ya bomba, nyingine hununua ya boza na kuyahifadhi kwenye simtanki, nyingine hutegemea kisima kilichochimbwa uani. Yote yachemshwe mpaka yatokote. Kwa maji ya bomba kuchemsha huondoa pia sehemu kubwa ya klorini ambayo ingedhoofisha chachu. Maji ya kisima yana tatizo jingine. Eneo hili liko jirani na mlima wa Wazo, ambako chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960, na maji yaliyopita katika miamba ya chokaa huwa magumu. Madini yake huimeza asidi inapotengenezwa, hivyo chai huchelewa kuwa kali na vijidudu visivyotakiwa hupata nafasi. Birika inayojaa ukoko mweupe kila mwezi ni dalili tosha kwamba maji hayo hayafai kwa kazi hii.

Chombo kiwe cha kioo. Sufuria za alumini zinazotumika katika jikoni zetu zinafaa kuchemshia chai, hazifai kuilaza humo siku saba ndani ya asidi. Chungu kilichopakwa rangi ya kung'aa ni hatari zaidi: mwaka 1998 madaktari wa Australia walieleza habari za mume na mke waliopata sumu ya risasi baada ya kutengeneza kombucha kwa miezi kadhaa katika chungu cha aina hiyo. Kitambaa cha kufunikia kiwe kizito kama khanga ya pamba iliyofuliwa na kupigwa pasi. Kipande cha chandarua hakitoshi, kwa kuwa nzi wadogo wa matunda hupenya katika matundu yake na kutaga mayai juu ya utando.

Siku za kuchachusha hutegemea joto. Vitabu vya nchi za baridi hutaja siku 7 hadi 14. Mwezi wa Februari Dar es Salaam, ambapo joto la mchana huvuka nyuzi 30, chai inaweza kuwa tayari siku ya tano, na ile ya siku ya 14 huwa siki. Anayefuata kalenda ya mtu wa Ulaya atakunywa kitu kingine kabisa. Kipimo kilicho bora ni karatasi za kupimia asidi, ambazo hupatikana katika maduka ya vifaa vya maabara. Kipimo cha pH kiwe kimeshuka chini ya 4.2 kabla ya siku ya saba. Kisiposhuka, chai imwagwe. Kikikaribia 3, chai iko tayari. Kisiachwe kushuka chini ya 2.5. Ulimi haufai kuwa mwamuzi, kwa sababu sukari huficha asidi na asidi huficha sukari. Madoa makavu yenye manyoya, yawe meupe, ya kijani au meusi, ni ukungu. Hapo hutupwa chai na utando pamoja, wala si kukwangua sehemu iliyoharibika na kuendelea.

Mpaka hapo kinywaji ni kikali na hakina mvuto mkubwa. Kinachowavutia watu ni ladha, na hapa jikoni ya pwani ina utajiri kuliko ile ya kaskazini mwa Uchina: nanasi la Kiwangwa, ukwaju, ubuyu, choya, pasheni, tangawizi, mchaichai, karafuu. Viungo hivi havitiwi katika mtungi wa kwanza, kwani mafuta ya karafuu, mdalasini na tangawizi hudhoofisha bakteria. Chai ya viungo, tamu kama ilivyo, haifai kuwa msingi. Utando huondolewa kwanza pamoja na kiasi cha chai kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Kisha chai iliyobaki hutiwa katika chupa, huongezwa tunda au kiungo, chupa huzibwa, na huachwa siku moja hadi tatu ili itoe povu.

Katika chupa hiyo iliyozibwa mambo hubadilika. Hewa hakuna, bakteria wamelala, hamira imepata sukari mpya ya nanasi. Hesabu yake si ngumu. Kila gramu ya sukari inayochachushwa na hamira hutoa takriban nusu gramu ya alkoholi na nusu gramu ya hewa ya ukaa. Mililita 100 za maji ya nanasi huwa na sukari gramu 10 hivi au zaidi. Gramu 10 zikichachushwa zote ndani ya chupa ya lita moja, hupatikana gramu 5 za alkoholi, sawa na asilimia 0.65 ya ujazo, juu ya ile iliyokuwamo. Gramu 20 zikichachushwa, na sukari iliyobaki katika chai inatosha kabisa kwa hilo, kilevi huongezeka kwa asilimia 1.3. Kwa kulinganisha, sheria ya Marekani huhesabu kinywaji chenye asilimia 0.5 na kuendelea kuwa pombe, na mwaka 2010 maduka makubwa ya huko yaliiondoa kombucha rafuni baada ya kubainika kuwa chupa nyingine zilikuwa zimevuka kiwango hicho.

Povu na kilevi ni mapacha. Chupa ya nyumbani inayofoka inapofunguliwa inatangaza kwamba hamira imefanya kazi bila bakteria, na kwa hiyo ina alkoholi. Huo ndio ukweli anaostahili kuambiwa anayeuliza, awe ni Mwislamu anayejihadhari, ni mtu aliyeacha pombe baada ya miaka ya kuteswa nayo, au ni mzazi anayewapa watoto wake akidhani ni sharubati. Anayetaka ladha bila kuongeza kilevi aitie mwishoni: achanganye maji ya ukwaju au choya na kombucha kwenye bilauri wakati wa kunywa. Povu litakosekana. Hata hivyo kilevi kidogo kilichotokana na mtungi wa kwanza hubaki, na hakuna njia ya jikoni ya kukiondoa chote bila kuipika chai yenyewe.

Hewa ya ukaa nayo ina hatari yake. Gramu 10 zile zile za sukari hutoa zaidi ya lita mbili na nusu za hewa katika chupa ya lita moja; gramu 20 hutoa zaidi ya lita tano, kiasi kinachozidi kile cha soda. Chupa nyembamba ya kioo iliyokuwa na asali au mchuzi haikutengenezwa kwa shinikizo hilo, na katika joto la Dar es Salaam inaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa anayeishika. Chupa za plastiki za soda, zilizosafishwa vizuri, ni salama zaidi: zikibonyezwa zikawa ngumu, ni wakati wa kuziingiza kwenye jokofu. Na jokofu hulinda maadamu umeme upo. Umeme ukikatika kwa siku nzima, hamira huamka. Chupa zifunguliwe polepole juu ya sinki ili zipumue, uso ukiwa umegeuzwa pembeni.

Je, faida zinazosemwa zipo? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 hayakupata jaribio hata moja la kitabibu lililofanywa kwa binadamu, na yalihitimisha kwamba hatari zinazofahamika zilizidi faida zisizothibitishwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2023, lilitoka jaribio dogo la Marekani lililoandikisha watu 12 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliokunywa mililita 240 kila siku kwa wiki nne walishuka kutoka wastani wa miligramu 164 za sukari kwa desilita kabla ya kula hadi 116, wakati kinywaji cha kulinganishia kiliwashusha kutoka 162 hadi 141. Ni habari ya kutia moyo, lakini ni watu wachache mno, na kombucha ile ilitengenezwa kiwandani kwa kipimo kisichobadilika. Mtungi wa Madale hauko hivyo: lita moja inaweza kubakiwa na gramu 30 hadi 50 za sukari, na bilauri ya mililita 300 ikabeba hata vijiko vitatu vya chai vya sukari bila ulimi kuvihisi. Hakuna chochote katika ushahidi huo kinachomruhusu mgonjwa kuacha au kupunguza dawa yake. Anayetaka kujua kinywaji kinamfanya nini apime sukari kabla na saa mbili baada ya kunywa, kisha apeleke namba hizo kliniki.

Upande wa madhara, matukio ni machache lakini ni mazito. Mwaka 1995, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wanawake wawili walifikishwa hospitalini wakiwa na asidi nyingi katika damu. Mmoja alifariki dunia. Wote walikuwa wakinywa kombucha iliyotokana na utando wa asili moja. Uchunguzi haukuthibitisha kwamba kinywaji ndicho kisababishi, na wengine wengi waliotumia chachu hiyo hawakuugua. Baada ya hapo Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo kilieleza kuwa takriban mililita 120 kwa siku, yaani nusu kikombe, huenda zisimdhuru mtu mwenye afya. Mwaka 1998 iliripotiwa nchini Iran kwamba watu 20 walipata kimeta cha ngozi baada ya kujibandika utando uliotunzwa katika mazingira machafu. Mwaka 2009 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 22, aliyekuwa amegundulika karibuni kuwa na VVU, ambaye saa chache baada ya kunywa alipata homa kali, asidi ya laktiki katika damu na figo kushindwa kazi.

Kwa sababu hizo, kombucha ya nyumbani haifai kwa wajawazito na wanaonyonyesha, watoto wadogo, watu wenye kinga dhaifu, zikiwamo kinga zilizoshushwa na VVU, saratani au dawa za baada ya kupandikizwa kiungo, wala kwa wenye magonjwa ya ini au figo. Mjamzito ana sababu ya ziada: chai huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma, na si vyema kumeza vidonge vya kuongeza damu kisha kuviteremshia kinywaji cha chai. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia atarajie maumivu kuliko nafuu. Anayetumia metronidazole, au dawa nyingine ambayo ameonywa asiichanganye na pombe, aiache mpaka zipite siku chache baada ya kumaliza dozi. Na wote wanaokunywa wasukutue kwa maji baadaye bila kupiga mswaki papo hapo, kwa kuwa asidi hulainisha gamba la jino na mswaki hulikwangua.

Mtoa huduma naye anapaswa kuuliza, kwani mgonjwa anapoulizwa kuhusu dawa nyingine anazotumia mara nyingi hujibu hapana. Kwake kombucha ni chai tu. Swali lililo bora ni la moja kwa moja: je, nyumbani kuna kinywaji chochote mnachochachusha wenyewe? Kisha afuatilie ni bilauri ngapi kwa siku, huchachushwa siku ngapi, katika chombo gani, na kama kuna dawa iliyoachwa. Mgonjwa anayekemewa kwa jibu lake hatarudi kulisema tena. Lakini anayekuja akipumua haraka na kwa kina, akitapika, akiwa dhaifu au akichanganyikiwa, hahitaji mazungumzo marefu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyoinywa ipelekwe pamoja naye.

Aliyeamua kuuza asihesabu uzoefu wa jikoni kuwa leseni. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na SIDO huwasaidia wajasiriamali wadogo kufikia alama ya ubora. Kipimo cha alkoholi kifanyike maabara, kwa chupa iliyokaa siku nyingi kadiri itakavyokaa dukani, wala si kwa chupa ya siku ya kwanza, na lebo iseme kilichopatikana.

Chai iliyosahauliwa mtungini mpaka ikawa kali mno haina haja ya kumwagwa, maadamu haina ukungu. Isinywewe. Huwekwa kwenye chupa safi kama chachu ya mzunguko unaofuata, mililita 100 zikitosha kwa kila lita, na inayozidi hutumika jikoni mahali pa siki.